Viwanja vipya upande wa Kombeni: skuli ya msingi tuiweke wapi, na iwe na vyumba vingapi?

Katibu wa Viwanjani – Jumanne, saa 4 usiku

Assalaam alaykum jamani.

Mimi ni katibu wa kamati ya wakaazi katika viwanja vipya vya upande wa Dimani ukielekea Kombeni, Wilaya ya Magharibi B. Watoto wameshalala, daftari la hesabu liko mapajani, na Jumapili tuna kikao na sheha. Naomba fikra za watu waliokwishaipita njia hii.

Nilipohamia hapa miaka minne nyuma tulikuwa nyumba tisa. Ukitoka uani usiku unasikia popo kwenye miembe na basi. Leo viwanja vilivyopimwa ni 640, nyumba zenye watu ni 212, na kila upitapo unakuta mafundi wanamwaga zege au lori la kifusi limekwama. Msikiti upo, maduka yapo, kisima kipo. Skuli hakuna. Watoto wanakwenda skuli ya kijiji cha jirani, kilomita mbili na nusu, na njiani wanakatisha barabara kubwa ambayo gari hazipunguzi mwendo.

Mwanangu wa pili yuko darasa la pili, mkondo wa mchana. Darasani kwao wako 97. Walimu wake nawaombea dua kila siku, kwa sababu kazi wanayoifanya mimi nisingeiweza kwa wiki moja. Mwezi uliopita nilimpelekea daftari alilolisahau, nikamkuta amekaa chini karibu na mlango. Kandambili zake kazikalia zisipotee, karatasi kaiweka juu ya goti anaandika, na kila anayekwenda chooni anamruka. Aliponiona akainuka haraka, alidhani nimekuja kumchukua. Nilimpa daftari lake nikaondoka. Usiku ule ndio nilioanza kuhesabu.

Mkondo wa mchana una shida nyengine ambayo wengi hawaitaji. Chuo cha Kurani cha mtaani kwetu kinasomesha alasiri. Mtoto anayetoka skuli saa 11 na kutembea kilomita mbili na nusu anafika kwake magharibi inakaribia, chuo keshakikosa, kazi ya nyumbani anaifanya anasinzia.

Basi tukaomba ruhusa kwa sheha, na mabinti wawili waliomaliza kidato cha sita wakazunguka nyumba kwa nyumba kwa siku sita. Watoto wa umri wa miaka 6 mpaka 11 tumewapata 187. Walio chini ya miaka 6 ni 241.

Sehemu za kujenga ni mbili. Ya kwanza ni bondeni, pembezoni mwa viwanja, inapakana na barabara kubwa. Ni eka moja na nusu, kwenye mchoro wa viwanja imeandikwa "huduma za jamii", na hatuilipii kitu. Ya pili ni shamba la miembe na minazi katikati ya mtaa, eka mbili na nusu, ambalo halikukatwa viwanja. Ni urithi wa ndugu watatu, wanaume wawili na dada yao mmoja. Dada anasema fungu lake yuko tayari kulitoa wakfu kwa ajili ya skuli. Kaka zake wanataka kuuza.

Wazee wa kamati wanasema tuanze na vyumba vinne bondeni, mengine tutaona mbele. Moyo wangu unakataa, lakini sina la kuwaeleza likawatosheleza. Nisaidieni: vyumba vingapi, na wapi?

---

Mwalimu Mstaafu – Jumanne, saa 5 usiku

Wa alaykum salaam mwanangu. Nimesomesha miaka 36, tisa ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu, na suala lako limenitoa usingizini.

Hivyo vyumba vinne najua vimetoka wapi. Wamechukua 187 wakagawa kwa 45, maana wanafunzi 45 kwa chumba ndiyo kiwango kinachotajwa sana siku hizi. Wamepata vinne na kidogo. Sasa waulize: madarasa ni mangapi? Kwa Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 elimu ya msingi ni madarasa sita, na kabla yake kuna miaka miwili ya maandalizi. Madarasa sita hayaingii kwenye vyumba vinne. Mtafanya moja kati ya mawili: mtachanganya darasa la tatu na la nne chumba kimoja, au mtarejesha mikondo miwili ile ile mnayoikimbia, ndani ya jengo jipya linalonuka rangi.

La pili, na hili ndilo kubwa zaidi. Msiwahesabu wanafunzi, hesabuni vitanda vya watoto wachanga. Hao 241 walio chini ya miaka 6 ni wa miaka sita, tangu aliyezaliwa wiki hii. Gawa kwa 6 unapata 40. Yaani kila mwaka watoto 40 wanatimiza umri wa darasa la kwanza, na hao ni wa nyumba 212 peke yake. Viwanja ni 640, mara tatu ya nyumba za sasa. Mtaa ukijaa watu wa namna hii hii, darasa la kwanza litapokea watoto kama 121 kila mwaka. Hao ni vyumba vitatu: A, B na C. Mara madarasa sita, vyumba 18.

Ungepiga hesabu kwa wale 187 wakubwa ungepata 31 kwa mwaka, mtaa ukijaa 94, na mtu angekwambia vyumba 12 vinatosha. Tafauti ya 12 na 18 haimo kwenye orodha ya wanafunzi wa leo, imo migongoni mwa mama zao.

Nitakupa langu moja. Nilipelekwa mwalimu mkuu kwenye skuli iliyojengwa vyumba vinne, "mengine yatakuja". Mwaka wa tatu stoo ikawa ofisi ya walimu. Mwaka wa tano darasa la nne lilikuwa chini ya mkungu, ubao umefungwa kwa kamba kwenye shina, na mvua ikianza watoto wanaubeba ubao kwanza kisha wanakimbia wao. Ilipopatikana fedha ya kuongeza, pande tatu zilikuwa zimeshazungukwa na nyumba za watu. Fedha ipo, pa kujenga hapapo. Msijenge vyumba 18 mwakani, hamtaweza. Lakini ardhi ya vyumba 18 ichukueni sasa, wakati ingali na miembe.

---

Wa Fuoni – Jumatano, saa 1 asubuhi

Bondeni hapana, dada. Aliyepita Kibonde Mzungu, bonde la huku kwetu Fuoni, wakati wa masika maji yakikata barabara kabla ya daraja kujengwa, hahitaji kuelezwa.

---

Kijana wa Pangawe – Jumatano, saa 7 mchana

Kwa heshima ya mwalimu, mimi nasimama na wazee wa kamati. Nani amesema viwanja 640 vitajaa? Tunavijua viwanja vyetu. Mwenye kiwanja yuko Dar, mwengine Muscat, mwengine London, kajenga msingi miaka saba na majani yameota juu yake. Mkitaka watu wachangie ardhi ya kununua leo, kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa, wa nyumba ambazo hazijajengwa, watachoka na hata hivyo vyumba vinne hamtavipata. Wakati huo kijana wa darasa la pili bado amekaa chini. Eka moja na nusu ipo, bure, imeandikwa kwenye mchoro. Pandisheni ghorofa mbele ya safari kama zilivyopandishwa skuli nyingi za mjini miaka hii.

---

Katibu wa Viwanjani – Jumatano, saa 3 usiku

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana. Hesabu yako nimeinakili kwa mkono karatasi ya mbele ya daftari.

Kaka wa Pangawe, hoja yako ndiyo inayosemwa barazani kwetu na siidharau. Nimerudi kwenye daftari jioni hii kuitazama. Kati ya nyumba 212, zenye wapangaji ni 61. Mwenye nyumba kweli yuko Muscat, lakini nyumba haikai tupu: kampangisha askari, muuguzi, kijana mwenye duka Darajani. Na hao wapangaji ndio vijana, ndio wenye watoto wadogo. Nyumba hizo 61 peke yake zina watoto 83 walio chini ya miaka 6. Kwa hiyo msingi wenye majani leo ukipata bati kesho, anayeingia mle ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Na leo nimefanya jambo jengine. Mtoto wa jirani yangu ana miaka sita. Nilimshika mkono tukatembea kutoka nyumba ya mwisho ya upande wa bahari mpaka bondeni, mwendo wake yeye. Dakika 24. Alisimama mara mbili kutoa jiwe kwenye kiatu, na tulipofika karibu na barabara kubwa lori lilipita nikamvuta kwangu kwa nguvu mpaka akalia. Kisha tukatembea kutoka nyumba ile ile mpaka kwenye shamba la miembe. Dakika 11, kivulini karibu njia yote, na barabara kubwa hatukuiona.

---

Mpimaji – Jumatano, saa 5 usiku

Dada Katibu, hiyo ya kutembea na mtoto ni kipimo bora kuliko michoro mingi niliyoipitia. Nimefanya kazi ya upimaji zaidi ya miaka ishirini, nitasema ninayoyajua.

Kwa nini ukanda wetu hauna nafasi za skuli? Tazama hesabu ya watu. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 kwenye sensa ya 2012. Sensa ya 2022 ikakuta 893,169. Karibu watu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, na hawakuongezeka Mji Mkongwe wala Michenzani, ambako hapana pa kuongezeka. Wamekuja kwenye mashamba ya Magharibi. Mengi kati ya mashamba hayo ni zile eka tatu zilizogaiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 ili watu walime. Mwenyewe akifariki, watoto wanakata vipande vya mita 15 kwa 20 na kuuza. Kila muuzaji anakata mpaka mpakani mwake. Hakuna muuzaji hata mmoja ambaye shamba lake linatosha kuacha skuli, na hakuna mmoja anayeona ni jukumu lake. Wakishauza wote, mtaa umejaa na njia ya gari ya wagonjwa haipo, wacha skuli. Nyinyi mmebahatika kupimiwa viwanja kabla, na bado mmepata eka moja na nusu bondeni, kwa sababu mchoraji huanza na panapouzika na kuacha palipobaki.

Eka ni mita za mraba 4,047 hivi. Eka moja na nusu ni kama 6,070. Uwanja wa mpira wa mita 100 kwa 64 peke yake ni 6,400, yaani hauingii hata bila ya jengo. Kisha toa panapotuama maji. Nenda ukamuulize mkulima wa mpunga wa karibu, atakuonesha kwa fimbo maji yanafika wapi. Kama ni thuluthi, mmebakiwa na mita 4,000 kwa watoto 800.

Sasa shamba la miembe. Kabla hujalipa hata senti, uliza: ni eka tatu za Serikali, au ni la familia tangu zamani? Ardhi yote Zanzibar ni mali ya umma, hilo limo katika sheria ya ardhi ya 1992. Mtu anachokuwa nacho ni haki ya kuitumia. Kama lilitolewa kama eka tatu, lina masharti yake na haliuzwi kama kuku sokoni. Kama ni la familia, nendeni kwa mpangilio huu. Kwanza mirathi igawanywe rasmi. Kwa ndugu watatu hao, ikiwa hakuna mrithi mwengine, kila mwanamume ana mafungu mawili na dada fungu moja, jumla matano. Fungu la dada ni nusu eka. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ndiyo inayohusika na mirathi na wakfu, waanzieni huko. Mirathi ikishagawanywa ndipo dada atoe wakfu kipande chake kinachojulikana mipaka. Akitoa maneno tu leo mbele ya baraza, Mungu amlipe kheri, lakini siku akifariki watoto wake na wajomba zao watapelekana mahakamani na skuli itasimama katikati ya kesi.

Na mkishapata shamba, bonde msiliuze wala msilibadilishe viwanja. Maji ya mtaa mzima yanakwenda pale. Mkilijenga, maji yatatafuta ukumbi wa mtu.

---

Fundi Mkuu – Alkhamisi, saa 12 asubuhi

Nasoma haya nikisubiri vijana waje kazini. Kijana wa Pangawe anasema mpandishe ghorofa. Ghorofa si vibaya, mjini hakuna njia nyengine. Lakini ghorofa ina nguzo, ina nondo, ina zege la juu, ina mhandisi wa kusimamia. Wananchi kwa msaragambo hawawezi kulimwaga, na wala wasijaribu. Banda la chini wanaweza: mtu anabeba tofali, mwengine maji, mwengine kokoto, ukuta unafika kwenye linta kwa nguvu za wananchi, kisha mnakwenda Serikalini mkiwa na kitu cha kuonesha. Skuli nyingi za Unguja na Pemba zimeanza hivyo. Bondeni kwenye eka moja na nusu mnalazimika ghorofa tangu siku ya kwanza. Shambani mnaanza na banda la vyumba sita, mwaka mwengine sita, na tena sita.

Na bondeni udongo gani? Kama ni kinamo, unavimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Nimeona ukuta wa kinamo una ufa wa kuingia mkono baada ya masika mawili. Kuujengea msingi wa kuaminika ni fedha ambayo ingenunua nusu ya shamba. Ile "bure" si bure.

Vipimo: chumba cha mita 9 kwa 7 kinakaa watoto 45 kwenye madawati bila ya kubanana, mwalimu anapita katikati. Vyumba sita kwa mstari ni mita 54, na varanda ya mita mbili mbele. Mstari uende mashariki hadi magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Hapa kwetu jua linachoma kuta za mashariki na magharibi, asubuhi na jioni, na mkilielekeza banda vibaya darasa la mchana ni tanuri. Madirisha ya kaskazini yanapata upepo wa kaskazi miezi ile ya joto, Disemba mpaka Machi, na ya kusini yanapata kusi. Upenu uwe mrefu upande wa kusini, mvua ya masika inapiga kwa ubavu. Msikate miembe yote. Chagueni ile iliyo nje ya mistari ya majengo, muizungushie jiwe watoto wakae.

Tank za maji ya mvua msisahau. Bati la mita 54 linakusanya maji mengi mno kuyaacha yamwagike.

---

Mama wa Chake – Alkhamisi, saa 8 mchana

Nakuandikia kutoka Pemba, mwenzangu. Nimekuwa kwenye kamati ya skuli ya watoto wangu miaka sita, na nasoma hapa wanaume wanazungumza eka na nondo, ni sawa, lakini hakuna aliyetaja choo ila kwa kupita.

Kipimo tulichopewa sisi ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa watoto 810 (vyumba 18, kila kimoja 45), nusu kwa nusu, ni matundu 21 ya wasichana na 17 ya wavulana. Ukiyaweka mwisho wa mpango, yatajengwa sita. Sisi tulijengewa manne kwa skuli nzima, na nilipokuwa zamu ya kamati niliona kwa macho yangu wasichana wa darasa la sita wakikaa na kiu tangu asubuhi, hawanywi maji kabisa, ili wasihitaji kwenda. Watoto wa miaka kumi na moja, kumi na mbili. Wengine wameshavunja ungo. Siku zao hawaji skuli, na mwalimu anaandika hayupo, hayupo, hayupo, kila mwezi siku zile zile, wala haulizi kwa nini. Wekeni chumba kimoja cha wasichana chenye mlango unaofungwa, bomba la maji ndani na pipa la taka. Hakizidi ukubwa wa duka la mtaani.

Vyoo visitazamane na lango wala na uwanja wa mpira. Na viwe mbali na kisima. Jiwe letu la visiwani lina vishimo kama sifongo, linapitisha kila kitu.

Lango: mkichukua shamba la katikati, wekeni malango mawili, ili watoto wa pande zote mbili wasizunguke. Na hawa wa maandalizi wawe na kona yao yenye ukuta mfupi. Mtoto wa miaka minne akiparamiwa na wa darasa la sita wakati wa mapumziko kesho hataki kurudi. Kama ndani ya mwaka wa kwanza hampati vyumba vyao, anzeni na kituo cha TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, kwenye nyumba ya mtu au uani kwa msikiti, watoto wacheze na wajifunze hapo.

Na njia ya kiti cha magurudumu muiweke tangu msingi. Umehesabu watoto wasiotembea?

---

Katibu wa Viwanjani – Alkhamisi, saa 3 usiku

Mama wa Chake, sikuwahesabu. Nimeona haya kulisoma suali lako. Wale mabinti wamerudi leo jioni kwenye nyumba zote za upande wa msikiti na wamepata watoto watatu: wawili hawatembei, mmoja haoni vizuri. Mmoja ana miaka tisa na hajawahi kwenda skuli hata siku moja. Mama yake alimwambia binti, "Nyinyi ndio wa kwanza kuuliza." Kesho wanamalizia upande wa bahari.

Mpimaji, shamba si eka tatu za Serikali. Ni la babu yao, na karatasi za zamani zipo kwenye kasha la yule dada. Amenionesha, zimeliwa na mchwa pembeni lakini maandishi yanasomeka.

---

Kijana wa Pangawe – Ijumaa, saa 9 alasiri

Dada, hapo kwenye kinamo fundi amenibadilisha. Bado nasema msisubiri miaka mitatu ya mirathi wakati mtoto amekaa chini. Iulizeni skuli ya jirani kama mnaweza kujenga banda moja la vyumba viwili huko huko kwa msaragambo, mwaka huu, mpaka yenu isimame. Wale 97 ni watoto wa kijiji pia, si wenu tu. Mkifanya hivyo hata wanakijiji watasimama na nyinyi.

---

Katibu wa Viwanjani – Jumapili, saa 4 usiku

Nimerudi kikaoni. Miguu inaniuma, tulikaa tangu alasiri mpaka baada ya isha.

Nilianza na mtoto kutoa jiwe kwenye kiatu, sikuanza na hesabu. Mzee mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa mkali wa vyumba vinne, aliniuliza lori lilipita umbali gani. Nikanyoosha mkono. Akanyamaza. Kisha nikaandika ubaoni 241, nikagawa kwa 6 mbele yao kama mwalimu alivyonielekeza, na nilipofika 18 watu walianza kuzungumza wote kwa pamoja, sheha akagonga meza.

Fundi wetu wa mtaani amethibitisha kuwa bondeni ni kinamo. Alichimba Ijumaa kufika kifuani, akaleta bonge kwenye mfuko wa saruji, likapita mkono kwa mkono. Bonde limebaki bonde, imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Kaka mkubwa wa yule dada amekubali kuuza fungu lake, eka moja kamili, na amekubali tulipe kwa awamu kutoka kwenye michango ya wenye viwanja wote, waliopo na walioko nje. Mdogo wake ameomba wiki mbili. Sitamlaumu, ana watoto sita na shamba ndilo alilonalo. Kama atakataa tutakuwa na eka moja na nusu ya katikati, kavu, na mwalimu nitakuuliza tena juu ya ghorofa. Jumanne dada na kaka zake wote wawili wanakwenda Kamisheni ya Wakf kuanza mirathi. Nawapeleka mimi.

Wazo la kaka wa Pangawe limepita bila ya upinzani. Jumamosi ijayo ndiyo msaragambo wa kwanza, kwa vyumba viwili vya kuongeza kwenye skuli ya kijiji. Mwalimu mkuu wa pale ameshasema pa kujenga papo na barua ya kuomba ruhusa ya wilaya ameiandika mwenyewe. Mwanangu ameniuliza kama na yeye atabeba tofali. Nimemwambia atabeba maji.

Nina maombi mawili. Fundi, tunahitaji mtu wa kutuonesha namna ya kupiga mstari wa mashariki na magharibi bila ya chombo, maana chombo hatuna. Na kama kuna mwenye utepe wa kupimia wa mita 50 upande wa Dimani, Chukwani au Kiembesamaki, atuazime Ijumaa jioni. Tutaurudisha Jumapili, nitaufuta mimi mwenyewe.